Hapa, Huku na Humu: Ziara ya Kuongozwa ya Mji wa Berlin kama Utanzu wa Masimulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wameandika mengi juu ya ngano, visasili, majigambo na vitendawili, lakini ni nadra kumpata mhakiki aliyelikabili simulizi moja linalosikilizwa kila siku, tena kwa malipo, katika miji mikubwa ya Ulaya: maelezo ya mwongozaji anayewatembeza wageni. Yamkini sababu ni kwamba utanzu huu hauheshimiwi. Hudhaniwa kuwa ni taarifa tupu, tarehe na vipimo vilivyounganishwa kwa mizaha michache iliyokaririwa. Hata hivyo una fanani, una hadhira iliyo ana kwa ana naye, una mianzo na miishio ya kifomula, una takriri na taharuki, na una hata maleba, nayo ni mwavuli au kibendera kinachoinuliwa juu ili kundi lisitawanyike. Wanafunzi wa Kenya waliopelekwa kuzuru Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, wanaujua utanzu huu hata kama hawajawahi kuupa jina.

Makala haya yanauchunguza utanzu huo katika mji wa Berlin, na yanamchukua msikilizaji wa aina moja tu: familia ya Waswahili, baba, mama na watoto, iliyofika huko kutembea. Uteuzi huu una sababu. Berlin ndio mji ambamo hatima ya sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki iliandikiwa hati, na ndio mji ambamo baadhi ya nathari ya awali ya Kiswahili iliyopigwa chapa iliandikwa. Familia hiyo inapoongozwa kutoka jengo hadi jengo, inasimuliwa habari zinazoihusu, na aghalabu fanani mwenyewe hana habari kwamba anafanya hivyo.

Nguzo ya simulizi la ziara ni kiashiria cha mahali. Ngano humwondoa msikilizaji alipo na kumpeleka "hapo zamani za kale". Ziara humsimamisha alipo na kumwambia "hapa". Kijerumani kina neno moja tu la kuibeba kazi hiyo, nalo ni *hier*. Kiswahili kina matatu. *Hapa* hubainisha mahali mahususi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, *huku* hutaja eneo lisilo na mipaka bayana, na *humu* hutaja undani wa kitu. Mwongozaji anayetumia neno moja halazimiki kuamua kama jambo analolisimulia lilitukia penye jiwe analolikanyaga, au ndani ya nyumba isiyokuwapo tena, au katika nchi nzima. Lakini katika familia ya Waswahili kuna msimulizi wa pili, ambaye mara nyingi ni mama, anayemnong'onezea mtoto tafsiri ya yale yanayosemwa. Huyu lazima aamue. Ni katika simulizi hili la mnong'ono, wala si katika lile la sauti kubwa, ambamo ziara hugeuka kuwa matini yenye utata unaostahili kuhakikiwa.

Mfano wa kwanza upo mtaa wa Wilhelmstraße. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa Mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani na milki ya Waturuki, walikutana hapo katika makao ya Chansela Otto von Bismarck kujadili kanuni za kujitwalia Afrika. Siku iliyofuata, tarehe 27 Februari, Kaisari Wilhelm I aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya himaya juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Jengo lile halipo. Mahali pake pamejengwa nyumba za ghorofa za makazi, na bango la maelezo limesimamishwa kando ya njia. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo kuna maegesho ya magari juu ya mabaki ya handaki alimojiulia Adolf Hitler mwaka 1945. Hapo nako hakuna cha kutazama isipokuwa magari na bango lililowekwa mwaka 2006. Lakini ni kwenye maegesho hayo ambako makundi ya wageni husongamana, na ni hapo ambapo mwongozaji hutulia, hushusha sauti na kuisimulia siku ya mwisho ya dikteta saa kwa saa.

Kwa hiyo pana mahali pawili, na pote pawili ni patupu. Utupu mmoja umesimuliwa hadi umekuwa kivutio. Mwingine umeachwa uwe utupu tu. Roland Barthes, katika insha yake kuhusu vitabu vya Guide Bleu iliyomo katika *Mythologies* (1957), alionyesha kwamba kitabu cha mtalii huifuta nchi kwa kuigeuza kuwa orodha ya minara na makanisa, huku watu wake wakitoweka. Hoja hiyo haitoshi kuieleza Berlin. Huu ni mji usioficha maovu yake. Tena hujitapa, kwa namna fulani, kwa ushupavu wa kuyataja. Kinachofutwa hapa si uovu bali ni tukio ambalo wahanga wake hawakuwamo mjini. Msuko wa ziara unamtaka mhanga awe ameishi karibu na kituo, ili kidole kimwonyeshe. Mtu wa Usagara hana kituo. Katika istilahi za naratolojia huu ni udondoshaji, na udondoshaji daima ni uteuzi wa msimulizi hata pale anapodhani kwamba ni muda tu uliomwishia.

Ziara ya familia, hata hivyo, haiongozwi na siasa bali na watoto, na watoto hutaka wanyama. Ndiyo maana karibu kila familia huishia katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, ambamo ukumbi mkuu umetawaliwa na kiunzi cha mifupa chenye kimo cha mita 13.27. Ni dinosaria anayeitwa *Giraffatitan brancai*, aliyechimbuliwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, katika msafara wa kisayansi wa Wajerumani wa miaka ya 1909 hadi 1913, na kusimamishwa ukumbini kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Hapa fanani hufikia kilele cha utendaji wake. Hutaja kimo, hutaja uzito, humuuliza mtoto swali analolijua jibu lake, na kipera cha sifa hupanda hatua kwa hatua kama katika tondozi. Ila shujaa wa tondozi hii ni mfu wa miaka milioni 150, na kwa hivyo hana uwezo wa kumkana msifu wake.

Mama anapotafsiri, neno analolifikia kwanza ni *mjusi*. Ndilo neno ambalo magazeti na mijadala ya Tanzania imelizoea inapomzungumzia mnyama huyu. Mtoto hucheka, maana mjusi anayemjua ni yule wa ukutani nyumbani. Kicheko hicho si kosa la tafsiri. Neno limemshusha yule jitu kutoka kwenye jukwaa la sayansi na kumrudisha miongoni mwa viumbe wenye majina ya nyumbani, jambo ambalo jina la Kilatini halikukusudia. *Brancai* ni heshima kwa Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho yale yale ya Berlin. Jina hilo la mnyama wa Lindi linaelekeza Berlin.

Tatizo kubwa zaidi hutokea mwongozaji anapofika kwenye suala la jinsi mifupa ilivyosafiri. Ziara ya kawaida hulimaliza kwa sentensi moja: ilichukuliwa hadi pwani na kupakiwa melini. Sentensi hiyo imo katika kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ni kichaka ambacho mtendaji hujificha, au hufichwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mamia ya watu wa nchi ile, walioichimba mifupa, wakaifunga na kuibeba vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kwa jumla shehena ilizidi tani 200. Mtoto akiuliza "nani aliichukua?", mama atalazimika kuchagua kati ya *wapagazi*, *wachukuzi* na *vibarua*. Neno la kwanza linaleta misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19. La pili ni neno la bandarini na sokoni. La tatu linadai kuwapo ujira na mwajiri. Hakuna neno lisilo na upande. Kwa maana hii mama ni mhakiki kuliko mwongozaji, kwa kuwa lugha yake imemnyima fursa ya kutosema kitu.

Wala haitoshi kusema walikuwa wapagazi. Uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya kuzimwa kwa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na Lindi na bara yake zilikuwa katika eneo lililopiganiwa, likachomwa mashamba na kuachiwa njaa. Waliobeba mifupa ya mjusi walikuwa wametoka kuzika mifupa mingine. Mwongozaji anayejua hili na akalitaja atakuwa amebadilisha utanzu wa simulizi lake katikati ya ukumbi, kutoka sifo hadi maombolezo, na si kila fanani ana ujasiri huo mbele ya watoto wanaongoja kwenda kununua vinyago vya dinosaria dukani. Kwa insafu itajwe kwamba sayansi yenyewe imeanza kulirekebisha simulizi lake kupitia majina. Mwaka 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru aliitwa *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji; na mwaka 2019 mwingine akapewa jina la *Wamweracaudia*, kutokana na Wamwera. Jina la Boheti limeingia katika Kilatini zaidi ya miaka 90 baada ya kazi yake kukamilika, likiwa na irabu moja ya mwisho ambayo mamaye hakumpa.

Suala la majina linadhihirika zaidi mtaani Wedding, katika kitongoji kinachoitwa Mtaa wa Kiafrika, ambako barabara zilianza kupewa majina ya makoloni mwaka 1899. Zipo Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße na Ugandastraße. Kuna kinaya cha kutosha katika ile ya Zanzibar, kisiwa ambacho Wajerumani waliutambua ulinzi wa Waingereza juu yake kwa mkataba wa 1890, kumbe walikihifadhi kibaoni. Lakini kisa chenye mafunzo makubwa kwa mwanafasihi ni kile cha Petersallee. Mwaka 1939 serikali ya Nazi iliiita barabara hiyo kwa jina la Carl Peters, yule mwenye hati ya himaya. Mwaka 1986, haya zilipozidi, wakuu wa mji hawakukibandua kibao. Walitangaza kwamba tangu hapo Peters anayekusudiwa ni Hans Peters, mwanasiasa na mwanasheria aliyeupinga utawala wa Nazi. Kitaja kilibaki vilevile, kitajwa kikabadilishwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa homonimia iliyopitishwa na baraza la mji. Mpita njia hakuona tofauti, na mwongozaji aliweza kusimulia mtu yeyote kati ya hao wawili, kulingana na hadhira yake.

Mbinu hiyo ilifikia kikomo mnamo Agosti 2024, barabara ilipogawanywa na sehemu mbili zikapewa majina mapya: Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na Maji-Maji-Allee. Tayari mwaka 2021, mtaani Neukölln, barabara iliyokuwa na jina la gavana Hermann von Wissmann ilikuwa imeitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa mwanasiasa wa Tanzania aliyefariki 1993. Sasa mtoto wa familia yetu ya Waswahili anaweza kusimama chini ya kibao cha barabara ya Berlin akasoma neno analolijua tangu anyonyeshwe. Atalisoma kuwa ni maji. Ni lazima aambiwe kwamba ni vita. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969), alikuwa ameshalifanya neno hili kuwa kiini cha mjadala kuhusu nguvu za neno linapomtoka msemaji wake. Hapa limetoka tena, na limefika mbali ambako Kinjeketile wa jukwaani asingeweza kupakisia. Mkazi Mjerumani hulitamka kama jina la mahali. Kwake halina maji ndani yake. Kumbe kibao kilichokusudiwa kuirudishia historia sauti kinahitaji, ili kisomwe barabara, hadhira ileile ambayo haikai mtaani hapo.

Hapa ndipo inapopasa kuzihakiki pia zile ziara za upinzani ambazo wanaharakati, wengi wao wenye asili ya Kiafrika, wamekuwa wakiziongoza mtaani humo kwa miaka mingi. Mchango wao ni mkubwa. Bila wao vibao visingebadilishwa. Wamelipindua simulizi kimaudhui. Lakini kifani wamelirithi jinsi lilivyo: kundi linafuata, mmoja anasema, kidole kinaonyesha, na Mwafrika anabaki kuwa nafsi ya tatu, *yeye* au *wao*, anayesimuliwa kwa huruma badala ya dharau. Uhakiki unaoridhika na maudhui mema tu utaupitia udhaifu huu bila kuuona. Umbo nalo lina itikadi yake.

Umbo hilo lina historia ambayo familia ya Waswahili haina budi kuijua. Kuanzia Mei hadi Oktoba 1896, katika bustani ya Treptow, kulifanyika maonyesho ya makoloni ambamo watu 106 walioletwa kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki, wengine wakiwa na watoto wao, waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Watazamaji walikuwa familia za Berlin, zilizolipa kiingilio na kutembezwa kibanda kwa kibanda. Hiyo nayo ilikuwa ziara ya familia yenye maelezo. Mmojawapo wa walioonyeshwa, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, inasimuliwa kwamba alijinunulia darubini ya opera akaanza kuwatazama watazamaji. Tendo hilo la kimya ni uhakiki kamili wa utanzu mzima. Hakulikanusha simulizi lililokuwa likitolewa juu yake. Alibadilisha mtazamo, kwa maana halisi ya istilahi hiyo.

Katika Kiswahili darubini hiyo iliwahi kushikwa kwa kalamu, na mapema kidogo. Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1887, iliwaajiri walimu kutoka pwani ili wawafundishe Kiswahili maofisa na wafanyabiashara waliojiandaa kwenda Afrika. Mmoja wao, Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895, aliandika habari za maisha yake na za kukaa kwake Berlin, nazo zikachapishwa katika mkusanyo wa C. G. Büttner mwaka 1894. Salim bin Abakari naye aliisimulia safari yake ya Urusi na Siberia ya 1896, iliyomo katika *Safari za Wasuaheli* ya Carl Velten (1901), akiwa mtazamaji na kitazamwa kwa wakati mmoja. Katika matini hizi Mzungu ndiye mwenyeji wa ajabu, na msimulizi ndiye anayeonyesha kidole. Syllabus nyingi huzitaja kama vielelezo vya lahaja au vya historia ya nathari. Ni nadra kusomwa kama masimulizi ya ziara, ilhali hivyo ndivyo zilivyo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anatatiza picha hiyo, na kwa hiyo anastahili nafasi zaidi. Alifika Berlin mwaka 1900, akafundisha katika seminari hiyo hiyo, na huko ndiko yalikokamilishwa *Desturi za Wasuaheli*, yaliyotoka mwaka 1903 yakiwa na jina la Velten juani na la Mtoro kivulini, hadi tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya 1981 ilipolitoa jalani na kuliweka jaladani. Usomaji uliozoeleka unalichukulia buku hilo kuwa ni hazina ya mila. Likisomwa kama matini iliyotungwa Berlin kwa wanafunzi wa Kijerumani, linaonekana kuwa ziara ya kuongozwa: msomaji anaingizwa nyumbani, anaonyeshwa uzazi, jando, harusi, mazishi, anaambiwa hiki huitwa hivi na kile hufanywa vile. Mtoro ni mwongozaji. Lakini anauongoza mji wake mwenyewe mbele ya wageni watakaokwenda kuutawala, na mji anaoishi, Berlin, haumo. Familia inayotembezwa leo inaweza kuelezwa kisa chake kama msiba wa nyumba moja. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli kwenda Afrika ya Mashariki, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam. Wakarudishwa. Aliyewaingiza Wajerumani katika kila chumba cha nyumba ya Mswahili hakuruhusiwa kumwingiza mkewe nyumbani kwao. Alifia Ujerumani mwaka 1927.

Miaka miwili baadaye akafika mwingine kutoka Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alikuwa amezaliwa 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza akiwa bado mtoto. Mwongozaji anapolitamka neno *Askari* kwa lafudhi yake, mtoto wa Nairobi humfikiria bawabu langoni. Hilo ni neno jingine linalohitaji mnong'ono. Husen alikuwa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akamwoa Maria Schwandner mwaka 1933, na akaonekana katika filamu kadhaa za kuutukuza ukoloni, ya mwisho ikiwa *Carl Peters* ya 1941. Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Tangu mwaka 2007 ana jiwe la kumbukumbu mbele ya nyumba nambari 193 ya Brunnenstraße, mojawapo ya yale mawe madogo yaliyovikwa bamba la shaba nyeupe ambayo msanii Gunter Demnig ameyatandaza katika njia za miguu za Ulaya. Lina upana wa sentimita 10. Kundi kubwa haliwezi kulizunguka kwa pamoja; inabidi watu wapokezane, na hapo ubao wa fanani na hadhira unavunjika wenyewe, kwa kuwa kila mmoja lazima ainame asome. Maandishi ya mawe hayo huanza kwa kawaida na maneno *Hier wohnte*. Mama anayewatafsiria wanawe hawezi kulipita neno la kwanza. Akisema *hapa aliishi*, amelitaja jiwe na kipande cha njia kilicho chini ya viatu vyao. Akisema *humu*, amewageuza waitazame nyumba, ngazi na madirisha yake, na familia nyingine iliyokuwa ndani. Akisema *huku*, ameitaja Ujerumani yote.